Mito ya Mwinyi Dima na Miiba ya Msufi

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, nikishaanza sirudii. Mnauona msufi ulivyo: shina limejaa miiba, matunda yanapasukia huko juu, sufi inapeperuka. Haukuumbwa hivyo. Uliudhiwa na watu, na watu wenyewe ni sisi.

Zamani msufi ulikuwa mfupi, shina laini kama mgomba, matunda yake unayafikia umekaa. Lakini watu walilalia vigogo. Wakiamka shingo upande, wanalaumu wachawi.

Katika mji mmoja alikuwapo msusi wa mikeka, Mwanakheri, na mama yake, Bi Mkasi. Shingo ya Bi Mkasi ilikuwa imekaza, akiitwa hugeuka mwili mzima kama mlango. Usingizi hakuujua. Mwanakheri akaenda kulia penye msufi, na msufi, maana enzi hizo miti ilikuwa na adabu kuliko watu, ukamwambia: "Chukua sufi yangu umshonee mama mto. Ila ngoja tunda lipasuke lenyewe, toa kokwa zote, na mto uwe unauanika juani." Akafanya hivyo. Bi Mkasi akalala hata majirani wakaja kuuliza nani anakoroma.

Sasa sikieni upuuzi. Mwaka mmoja Mwinyi Dima, mkubwa wa mji, alikuwa anaoza binti. Akataka kitanda cha harusi kipambwe mito mpaka iguse dari, wageni wakasimulie makwao. Vichwa vingapi vingelala pale? Bwana harusi alikuwa na kichwa kimoja, nacho chenyewe hakikuwa na kazi nyingi.

Na mwaka huohuo sufi ya Bi Mkasi ilikuwa imechoka, mto umekuwa bapa kama chapati, anangoja matunda mapya yakomae. Mwanakheri aliposikia Mwinyi Dima anataka kuyaangua yote, akaenda kumsihi.

"Mwinyi, matunda bado mabichi. Basi niachie japo ya mto mmoja. Mama halali tena."

"Mama yako si amezoea kukesha?" akajibu Mwinyi Dima. "Aendelee."

Watu wazima waliokuwapo wakacheka. Walicheka! Wenye ndevu na mvi zao, na kila mmoja alikuwa na mama.

Mwinyi Dima akaangua matunda yote, mabichi vilevile. Sufi ikashindiliwa mbichi, na kokwa zake ndani, mito ikapangwa, chumba kikafungwa mpaka siku ya harusi. Jua haikuliona hata mara moja.

Siku ilipofika, mlango ukafunguliwa: harufu kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Bwana harusi akajikaza kiume, akaegemea. Kumbe panya walikwishahamia, wanakula kokwa na kuzaa humo. Mmoja akamshika sikio. Bwana harusi alitoka mbio, msuli akauacha mlangoni, vigelegele vikageuka mayowe.

Mwenye haya angejifungia ndani. Mwinyi Dima akachukua shoka. "Mti huu mchawi!" akapiga kelele, akaenda kuukata. Yaani mti umevuliwa kila kitu, umenyamaza, na bado unaletewa shoka! Hapo msufi ukachoka. Ukatoa miiba shina zima, ukajivuta juu, juu, mpaka matawi yakapita mapaa ya nyumba. Mwinyi Dima akarudi kwake mikono inavuja damu.

Kiangazi kilichofuata matunda yakapasuka yenyewe, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kuyafikia. Upepo ukaishusha sufi kwenye kila ua. Mwanakheri akaizoa, akaichambua, akaianika, na mchana uleule Bi Mkasi akalala. Uani kwa Mwinyi Dima pia ilianguka. Lakini kuinama aokote kama watu, mbele za watu? Akalalia kigogo mpaka kifo chake.

Na tangu siku hiyo msufi una miiba, na sufi yake hushuka kwa hiari yake. Na mto usioonyeshwa jua hunuka, hata uuvishe foronya ya hariri. Nanyi mnaorundika mito kitandani ili wageni waione, huku mama yenu chumba cha nyuma amekunjiwa kanga chini ya kichwa, msidhani miiba ile iliota kwa ajili ya mbuzi.