Mbele ya Mkwe Kila Mtu Ameshiba

Mbele ya mkwe kila mtu ameshiba. Mmeicheka methali hii, vijana, mkadhani inawahusu walafi waendao ukweni. Si ya walafi hata kidogo. Ilizaliwa siku ya hasira, na mama yake ni njaa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Mwaka ule mvua iliikimbia Chinyika. Mtama ulikauka kabla ya kutoa suke. Ndahani, mtu wa kitongoji cha Juu, alikwisha kupika hata mbegu aliyoitunza kwa ajili ya kupanda, nayo ikaisha. Mtoto wake wa mwisho, Semeni, aliacha kulia. Na mtoto mwenye njaa akiacha kulia, ndipo mzazi huanza kuogopa.

Likaja gari la watafiti kutoka mjini. Kiongozi wao, Adventina, mwanamke kijana mwenye miwani, alieleza kwamba mahindi ya msaada yapo, ila hayatoshi vijiji vyote. Angekaa na watu wachache, wazungumze kwa uhuru, na mazungumzo yao ndiyo yangeamua kijiji kipi kipewe. Akachanganya wanaume na wanawake, wazee na vijana, wa Juu na wa Bondeni. "Ili kila sauti isikike," alisema.

Ndahani alichaguliwa. Alikwenda shuleni, kulikopangwa mazungumzo, akiyapanga maneno yake kama mtu akusanyaye mawe ya kombeo. Lakini alipoingia darasani, alisimama mlangoni. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na uso kwa uso na kiti chake aliketi Mama Mbeleje, aliyemzaa mkewe.

Akatazama wengine. Rafiki yake Chilewa alikuwa ameelekeana na baba mkwe wake. Wengine vivyo hivyo, maana Juu na Bondeni wameozana tangu enzi za mababu. Hakuna aliyemwambia mgeni jambo hilo, na mgeni hakuuliza.

Adventina akawasha kinasa sauti. "Haya, ndugu zangu, nyumbani kwenu hali ya chakula ikoje?"

Chilewa akachunguza kucha zake.

"Hatujambo," mkwewe akasema hatimaye. "Kidogo kipo."

"Nawe, mama?"

Mama Mbeleje akavuta khanga yake. Kusema ana njaa mbele ya mume wa binti yake kungekuwa kumsuta kwamba hamtunzi. "Tunakula, mwanangu. Tunashiba."

"Na wewe, kaka?"

Ndahani akayatafuta mawe yake, asilione hata moja. Mwanamume anayemwambia mama mkwe kwamba nyumbani hakuna kitu, anamwambia: nimeshindwa kumlisha binti yako. "Tunashiba," akasema.

Zikapitishwa biskuti. Kila mtu akapokea kwa mikono miwili, akaziweka mapajani. Nani atafune mbele ya mkwe? Adventina akatabasamu.

"Hata biskuti hamzitaki! Nashukuru, mmekubaliana wote. Basi mahindi tutawapelekea wenye shida zaidi." Akazima kinasa sauti.

Hasira ikampanda Ndahani hadi masikioni. "Kiwashe hicho!"

"Kaka, tumekwisha kumaliza."

"Hujaanza! Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Ukienda kwa mama mkwe wako ukakuta hajapika, unamwambiaje?"

Adventina akavua miwani. "Namwambia nimeshiba."

"Na njaa inakuuma?"

"Hata ikiniuma."

"Na sisi je? Sisi ni watu, dada, au ni mbuzi, tulie tu popote tulipofungwa? Umetukalisha wakwe kwa wakwe, ukatuuliza habari za tumbo, na haya zetu ukaziita makubaliano!"

"Ungeniambia mapema..."

"Uliniuliza? Uliuliza umri, ukauliza kitongoji. Nani ni nani kwa nani, hukuuliza!"

Kisha akageuka, akapiga goti mbele ya Mama Mbeleje. "Mama, nisamehe. Kwangu hakuna kitu. Binti yako hajala. Semeni halii tena."

Darasa zima liliinamisha vichwa, kama watu waliomwona mtu mzima akivuliwa nguo. Mama Mbeleje akajifunika uso. Sauti ikatoka chini ya khanga: "Hata kwangu, baba. Hata kwangu hakuna."

Adventina alilia, lakini machozi yake hayakumsaidia mtu. Kilichosaidia ni kwamba alianza upya: wanaume wa Juu peke yao, wa Bondeni peke yao, akina mama wakwe mbali na wake wa wana wao. Hapo maneno yakamwagika hata yasizuilike. Mahindi yakaja Chinyika, na Semeni akapona.

Watu walimsifu Ndahani. Yeye hakutaka sifa. "Kwa nini mtu avuliwe nguo ukweni ndipo aaminiwe?" aliuliza. Yeye na Mama Mbeleje walikwepana njiani hadi bibi yule alipofariki.

Kwa hiyo akija mtu kujigamba kwamba aliwauliza wote kwa pamoja na wote wakasema neno moja, watu wa Chinyika hawaulizi ni neno gani. Huuliza nani aliketi na nani. Mbele ya mkwe kila mtu ameshiba.