Tanga la Hamimu

Jana msibani mlimsikia mzee mmoja akimwambia mfiwa, "Tanga la mbavu halichaniki lote." Mkaniuliza, mtu analia, habari za tanga zinamhusu nini? Basi mwanzo wa methali hii naujua, maana nilikuwepo.

Dada yangu Mwajabu aliolewa na Hamimu, seremala wa hapa Kibirizi. Walikuwa na mashua, wakipeleka chumvi vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Tanga lao lilikuwa kubwa, la kitambaa kimoja, halikuwezekana kwa mtu mmoja. Hamimu alishika usukani, dada akashika kamba ya tanga.

Dada akashikwa na homa, hata wiki haikuisha akafa. Hamimu alijaribu kusafiri na watu wengine, lakini kila upepo ulipogeuka alimwita mwenzake "Mwajabu". Wakamkimbia. Akaipindua mashua ufukweni, kuku wakawa wanataga chini yake. Kwangu nilimpikia, hakuja kula.

Mwaka ule walikuwepo Wachina waliojenga barabara. Mmoja wao, Fundi Wen, mtu mzima asiye na maneno mengi, alizoea kuja kukaa karibu na ile mashua. Siku moja alichukua karatasi ya mfuko wa saruji akachora tanga lenye fito zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo, kama mbavu.

"Baba yangu," alisema kwa Kiswahili chake, "bahari, peke yake. Tanga hii, mtu moja."

Hamimu aliitazama karatasi ile siku nzima. Kesho yake akatengeneza tanga dogo la karatasi na njiti za ufagio, akalipepea kwa ungo. Kisha akaleta mianzi kutoka Kasulu. Ya kwanza ilikuwa myembamba, ikavunjika. Akachagua minene zaidi. Akashona vipande sita vya turubai, kati ya kipande na kipande akafunga mwanzi, na kila mwanzi akautia kikamba. Vikamba vyote vikakutana kwenye kamba moja, karibu na usukani. Ukilegeza kamba ya kupandishia, tanga linashuka lenyewe, linajikunja ubavu juu ya ubavu.

Wen alihamishwa kabla kazi haijakamilika. Hamimu akamalizia peke yake.

Alipoondoka na chumvi, watu walicheka lile tanga. Mimi sikucheka. Nilihesabu siku. Siku ya nne, mchana, upepo wa kusini ulivuma hadi mabati yakang'oka. Nikashuka ufukweni nikasimama.

Baadaye alinisimulia. Upepo ulipopiga, kipande cha chini kilipasuka kwa kishindo. Akapiga kelele, "Mwajabu, legeza!" Akangoja. Hakuna aliyejibu. Alisema hapo ndipo alipojua kwamba dada amekufa. Siku zote zile alikuwa hajajua. Akalia, mashua ikayumba, maji yakaingia. Halafu mkono wake mwenyewe ukalegeza kamba. Vipande vya chini vikajikunja, na kile kilichochanika kikiwamo. Mpasuko ulikuwa umefika kwenye mwanzi, ukakomea hapo. Vilivyobaki vikashika upepo.

Nilipomwona anaingia nilikimbilia majini.

"Shemeji! Tanga limechanika!"

"Limechanika, Mwamvua," alinijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Limechanika na halitakuwa kama lilivyokuwa. Lakini tanga la mbavu halichaniki lote."

Akanishika bega, tukapanda mchanga polepole. Mlangoni kwangu alisimama kidogo, kisha akavua viatu akaingia. Akaniuliza kama kuna ugali.

Hakuoa tena. Alisafiri peke yake miaka mingi, na jina la dada aliendelea kulitaja, ila sasa alilitaja kama la mtu aliyetangulia. Kila penye msiba alikuwa akienda, akikaa karibu na mfiwa bila kumkataza kulia. Akitaka kuaga ndipo alipomwambia taratibu, na sisi tukajifunza kusema hivyohivyo: tanga la mbavu halichaniki lote.