Uzi Mmoja kwa Vichwa Vitatu

Hapo zamani, zamani ya jana tu, kwenye milima ya Upare, ukungu ulikohamia ukagoma kuondoka, aliishi Bi Nakijwa, mkulima wa tangawizi. Mwanawe Mbonea alikuwa anatetemeka mikono, hata kikombe cha uji hakifiki mdomoni.

Akaja Daktari Namsifu. "Nataka kufuma uzi mwembamba kuliko unywele," alisema. "Uingie kwenye ubongo, uusikilize, kisha uutulize kwa umeme kidogo sana."

Wakubwa wa mjini walikuwa wamemcheka. Hiyo ni ndoto, walisema, hatufadhili ndoto. Bi Nakijwa hakucheka. Aliuza shamba lote, akamkabidhi fedha.

Uzi wa kwanza ukataka kichwa. Kiondo, mwashi mwenye ugonjwa kama wa Mbonea, akasema, "Nipasueni mimi."

Wakausikia ubongo wake kwenye spika: kama mvua inayonyesha mbali, juu ya migomba. Bi Nakijwa alifumba macho, akahisi anaelea. Kisha uzi ukateleza, ikabidi utolewe. Kiondo hakupona, na tangu hapo hakuota tena ndoto yoyote. Lakini kwa kichwa chake daktari alijua pa kuupitisha uzi.

Miaka ikapita. Uzi wa pili ukakamilika, fedha zikaisha. Ulilala kwenye pamba, ukimeta kama umande. Daktari alipounyanyua, ukamponyoka. Mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka.



"Walipocheka wote, mimi nilitoa," alisema Bi Nakijwa. "Nilitoa kwa ajili ya mwanangu."

"Mimi nilitoa kichwa," alisema Kiondo. "Mama Mbonea, shamba hununuliwa tena. Ndoto zangu nitazinunua wapi?"

Daktari aliinama kwa aibu. "Daktari mwenzangu anaweza kuupandikiza. Kuufuma, ni mikono hii tu. Uzi huu ukinitulizia mikono, nitafuma nyingine. Isipotulia, huu ndio wa mwisho."

"Utafuma kwa fedha gani? Sina shamba lingine."

"Sijui, mama."

Kiondo akausogeza uzi mbele ya Bi Nakijwa. "Uliyefadhili ni wewe. Amua."

Bi Nakijwa akamtazama Mbonea, aliyekuwa amesinzia kwenye mkeka. Usingizini mikono yake haikutetemeka. Ilitulia kifuani, kama ya mtu mzima wa afya, na ukungu ukaingia dirishani taratibu ukamfunika. Mama akanyoosha mkono kuelekea kwenye pamba, akausitisha hewani.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msimwache hapo na mkono wake. Je, uzi ule ni wa nani?