Kaburi Walilochimba Waheshimiwa

Hapo zamani za kale, kabla magavana hawajajua kutembea na ving'ora, bonde la Kamaweni lilikuwa na chemchemi. Weee! Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Wanyama wote walikutana pale kunywa, kutaniana na kuchumbiana.

Juu ya miamba ya chemchemi hiyo alizaliwa Pelele, yule pimbi. Mdogo kama kikapu, mkia hana, kazi hana, ila digrii anayo, tena ya mambo ya maji! Kila akienda ofisini kwa gavana huambiwa, "Tutakupigia." Simu haikulia hata siku moja.

Miaka ikapita, chemchemi ikafukiwa na mchanga. Gavana Tembo aliahidi kuifukua. Mpinzani wake, Kifaru, naye aliahidi. Uchaguzi ukaja, ukaisha, sasa mwingine huoo unabisha hodi, na bonde ni vumbi tupu.

"Mjukuu wangu," Nyanya akamwambia Pelele, "kesho tunahama. Ila ningeyaonja tena yale maji, hata funda moja."

Pelele akakumbuka alivyokuwa akibebwa mgongoni kwenda kuyanywa.

"Shosho, hatuhami. Nipe leo tu."

Alijua jambo moja: mgombea hakosi matanga. Hata kama marehemu hamjui, atafika, atashika sepetu apigwe picha. Na mpinzani wake akichimba, yeye lazima achimbe zaidi.

Pelele akapanda mwambani. "Uwiiii! Bibi wa Bonde ametutoka! Mazishi ni leo, pale mchangani! Waombolezaji ni bonde zima, na wote wana kura!"

Lo! Ardhi ikatetemeka, gudu-gudu-gudu! Tembo huyo. Kifaru huyo.

"Poleni, wananchi wangu," Tembo akasema, akipangusa macho makavu. "Marehemu alikuwa rafiki yangu wa karibu."

"Rafiki gani wewe?" Kifaru akafoka. "Mimi alinilea! Nilimwita mama!"

Hakuna aliyeuliza jina lake. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kutoa ahadi pale pale aliposimama. Pelele akajiuma mdomo asicheke.

"Waheshimiwa, kaburi bado. Sisi vijana njaa imetumaliza. Sijui kati yenu nani alimpenda zaidi?"

"Nipisheni!" Tembo akazamisha pembe zake. Chwa! Chwa! Kifaru akaingia na yake. Chwa! Chwa! Chwa!

"Mheshimiwa Kifaru, mwenzako amefika kiunoni."

"Huyo? Barabara zenyewe zimemshinda!"

"Mheshimiwa Tembo, unasikia unavyosemwa?"

Chwa! Chwa! Chwa!

"Tumefika?" Tembo akauliza, akihema.

"Kidogo tu, boss. Mpigapicha yuko njiani."

Mara Kifaru akasimama. "Mbona miguu imelowa?"

Bubu-bubu-bubujiii! Maji yakaruka, yakawafika tumboni. Bonde zima likapiga vigelegele.

"We Pelele!" Tembo akanguruma. "Maiti iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo mnamoogelea? Mliiua kwa ahadi, leo mmeifufua kwa wivu. Asanteni, wakubwa. Kuhusu kura, tutawapigia!"

Nyanya akateremka polepole, akainama, akanywa. Akafumba macho.

"Meno yanauma," akasema, akicheka na kulia. "Ni yaleyale."

Na mizigo ikafunguliwa.

Basi wanangu, anayewania kura msimngoje kwenye ahadi yake: mtafutieni wa kushindana naye, kisha mwonyesheni pa kuchimba.