Bendi Isiyochoka

Nenda popote panapouzwa nazi, ukamtazame mnunuzi asiyeridhika. Anaokota moja, anaigonga kwa kucha, anaitikisa sikioni, anairudisha. Anaokota nyingine. Hii ndogo, ile ina ufa, hii maji yake machache. Wenzake wananunua wanakwenda zao kupika, yeye bado anatikisa tu, na akija kuzinduka fungu limekwisha, limebaki koroma, ambalo si dafu la kunywa wala si nazi ya kukunwa ikatoa tui. Ndiyo maana wahenga wakasema mchagua nazi hupata koroma. Methali hii sote tuliikariri shuleni. Mwalimu Fredrick naye aliikariri, tena alipata alama zote, lakini kukariri ni jambo moja na kusikia ni jambo jingine.

Fredrick alifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari huko Kimara, na alikuwa mgonjwa wa muziki wa jazi. Bendi zetu za zamani za dansi alizipenda pia, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa ile jazi ya piano inayotangatanga na besi inayotembea bila haraka. Gitaa alilijua kidogo. Watu wa kupiga nao hakuwa nao. Mwenye kipaji nyumbani mle alikuwa mkewe, Bupe, karani katika ofisi ya wakala wa forodha kule Kurasini. Kwaya ya usharika wao ilikuwa na waimbaji wengi, ila wimbo ukifika mahali pa kupanda juu, wote walinyamaza wakamwachia Bupe.

Wawili hao walikuwa wametunga wimbo wao, wakauita “Mvua ya Tukuyu”, kwa kuwa Bupe alikuwa mzaliwa wa huko. Maneno yalianza hivi: “Mvua ya kwetu haina haraka, inakuja ikiimba, inaondoka ikiimba.” Penye neno “ikiimba” la mwisho, sauti ilipanda, ikapanda tena, ikakaa huko juu. Kila Bupe alipofika hapo, Fredrick alisisimkwa mwili, na hakuona haya kusema.

Basi mwaka huo shingo ya Bupe ikaanza kuvimba. Mwanzoni walidhani ananenepa, wakacheka. Kisha akaanza kupata tabu ya kumeza. Daktari alimpapasa, akampima, akasema ni rovu na halina budi kutolewa.

“Utapona, mama, hilo ondoa wasiwasi,” alisema. “Ila neva ya sauti imepita jirani kabisa na uvimbe. Sauti yako inaweza kurudi ileile, inaweza kurudi nyingine. Hapo siwezi kukuahidi.” Akawapa tarehe ya mwezi uliofuata, akamsihi Bupe asilichoshe koo.

Walipofika nyumbani, akiwa anavua viatu, Bupe alisema: “Baba Lusungu, mie nataka kitu kimoja tu. Sauti yangu ibaki mahali. Uiweke kwenye wimbo wetu, Lusungu akikua aisikie. Nikiamka hospitali naongea kama chura, basi, nitashukuru Mungu. Lakini iwepo.”

“Itakuwepo, Mama Lusungu,” Fredrick akaahidi, na machozi yakamlengalenga. Aliahidi kwa moyo wake wote. Hilo msimtilie shaka.

Jirani yao Hilal, mwenye duka la simu na vifaa vya umeme, ambaye ukoo wake ulikuwa mjini humu ukiuza na kununua tangu enzi za babu zake, ndiye aliyeleta dawa. “Bendi gani unaihangaikia, Mwalimu, na bendi yenyewe imo humu?” alisema akiigonga kompyuta mpakato ya Fredrick. Akamwekea programu ambayo ukiiandikia mfuatano wa sauti za gitaa na kuichagulia mtindo, yenyewe inakuletea ngoma, besi, piano na chochote utakacho, wapigaji wasiodai chakula wala nauli. Mitindo ilikuwa mamia kwa mamia. Fredrick aliitazama orodha ile ikiteremka kwenye kioo, mate yakamjaa kinywani.

Jumamosi asubuhi wakajaribu. Fredrick aliandika sauti za wimbo wao, akachagua mtindo wa kwanza aliokutana nao, jazi ya polepole yenye ngoma za kupapaswa kwa brashi. Bupe alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akaegemea mlango, akaimba. Jamani! Wimbo ulikaa kama nguo iliyopimwa kwa fundi. Alipofika kule juu, hata Lusungu aliyekuwa akilia alinyamaza.

“Hapo hapo!” Bupe akapiga kelele. “Usiguse kitu. Rekodi.”

Fredrick, mtu wa watu, akafungua kinywa akatamka maneno yaliyomgharimu: “Ngoja kwanza, tuone na nyingine zikoje.”

Wakaona na nyingine. Wakaona iliyo na tarumbeta, wakaona ya mwendo wa Kibrazili, wakaona ya hatua tatu tatu kama ya kuchezea ukumbini. Kila moja ilikuwa na uzuri wake, na hapo ndipo penye balaa, maana kibaya humfukuza mtu mapema lakini kizuri humshika mkono. Isitoshe, mtindo hauwezi kujulikana kama unafaa mpaka wimbo uimbwe juu yake. Kwa hiyo Bupe aliimba, ila bila kurekodiwa, maana kurekodi kulingoja mtindo upatikane. Alirudi kutoka Kurasini amechoka, akaimba. Jumapili alitoka kanisani, akaimba.

Kana kwamba kuchanganyikiwa peke yake hakumtoshi, Fredrick akatafuta wa kumsaidia kuchanganyikiwa. Akawatumia watu kwenye simu. Shemeji yake Stanley, mdogo wake Bupe anayekaa Ukonga, akajibu upesi: “Shem, ishu hapo ni saksafoni. Weka saksafoni watu walie.” Fredrick akaweka saksafoni. Mzee Adelard, mwalimu wa kwaya, akampigia, na baada ya shikamoo na marahaba akasema: “Mwanangu, madoido yamezidi. Hilo lipuliwalo hapo linamfunika mkeo. Litoe.” Fredrick akalitoa. Hilal akasema bila tarumbeta wimbo umepooza. Fredrick akaliweka, ila kwa chini, halafu akapandisha wimbo mzima juu kidogo ili tarumbeta lisikike vizuri, halafu akauongeza mwendo, halafu akaupunguza. Kila mmoja alisema kweli. Angekuwa mmoja tu amekosea, mwalimu wa watu angepata pa kushika.

Akafika mahali asipojua kushoto wala kulia. Akisikiliza mtindo wa asubuhi aliupenda, akiurudia jioni ulimchusha. Kibaya zaidi, wimbo wenyewe ulianza kumtoroka. Alijaribu kuuimba peke yake akinyoa ndevu, bila kompyuta, akakuta hajui unaanzia wapi. Darasani aliandika mlinganyo ubaoni, kisha akasimama na chaki mkononi, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mlangoni.

“Mwalimu, tunatafuta thamani ya x,” akakumbushwa.

“Ijaribuni kwanza na piano,” akajibu. Darasa zima likaangua kicheko, naye akawaangalia asijue wanachekea nini.

Nyumbani hakukuwa na wa kucheka. Koo la Bupe lilikuwa limeanza kukwaruza. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi na asali, akafunga kitenge shingoni, na bado kila jioni Fredrick alimwita: “Mama Lusungu, hii ya leo ndiyo yenyewe. Mara moja tu.”

“Ya jana nayo ilikuwa yenyewe,” alisema Bupe.

“Ya jana ngoma zilikuwa nzito.”

“Ya juzi?”

“Ya juzi... hata siikumbuki vizuri.”

Bupe akaketi, akamtazama mumewe kwa huruma na hasira kwa pamoja. “Baba Lusungu, sikiliza. Hiyo bendi yako haichoki. Ukiiambia irudie mpaka kesho itarudia, haimezi mate, haiumwi shingo. Mie nameza mate. Na kila ninapoyameza yananiuma. Chagua moja, nakuomba. Hata ikiwa mbaya, mie nitaibeba.”

“Siwezi kukuwekea kitu kibaya,” Fredrick akajibu. “Hii ndiyo nafasi yetu moja. Nikikosea je?”

Hapo ndipo alipokuwa amenasa, maskini. Si kwamba hakumpenda mkewe. Alimpenda hata akaogopa, na woga ukavaa nguo za umakini. Muda upo, alijiambia. Tarehe ya hospitali bado.

Lakini wakati haumwamkii mtu shikamoo. Ijumaa mchana simu ya Bupe iliita akiwa kazini. Hospitali walisema nafasi imepatikana mapema, mgonjwa mmoja ameahirishiwa, aje Jumapili alazwe, afanyiwe upasuaji Jumatatu. Akikataa, atangoja miezi. Bupe alikubali papo hapo, kwa maana siku hizo hata uji ulikuwa ukimkwama.

Jumamosi ikawakuta sebuleni, wawili tu, Lusungu amepelekwa kwa mama yake Hilal. Fredrick alikuwa na jasho la kwapa na la uso.

“Ipi?” akauliza. “Sema wewe. Utakayosema ndiyo hiyohiyo.”

“Ile ya kwanza,” Bupe akasema bila kufikiri. “Ile niliyoimba na mwiko.”

Fredrick akaitafuta. Akafungua “Mvua mwisho”. Siyo. Akafungua “Mvua mwisho kabisa”, akafungua “Mvua mwisho wa kweli”, akafungua “Mvua hii ndiyo”. Zote zilikuwa Mvua na hakuna iliyokuwa ile. Siku ile ya kwanza hakuihifadhi, au aliihifadhi kisha akabadilisha juu yake, hakujua. Jina la mtindo hakulikumbuka. Alichagua mmoja uliofanana, Bupe akatikisa kichwa. Akachagua mwingine, Bupe akatikisa. Brashi zilikuwepo tele, zote zinapapasa, na hakuna iliyopapasa vile. Je, ulikuwa chini zaidi? Ulikuwa taratibu zaidi? Mwalimu wa hisabati aliyeweza kutafuta x popote ilipojificha alishika tama mbele ya kompyuta, asijue anatafuta nini.

Mchana ukawa alasiri. Bupe akasimama. “Weka yoyote,” akasema kwa sauti ya kukauka. “Weka, niimbe, nikafungashe vitu vyangu.”

Akaweka ile “Mvua hii ndiyo”, yenye tarumbeta, iliyopandishwa juu, akabonyeza kurekodi. Bupe akaimba. Ubeti wa kwanza aliuvuta kwa nguvu tu, kama mtu anayevuta gunia. Alipofika kwenye “ikiimba” ya mwisho akapanda, akapanda, na huko juu sauti ikapasuka, ikabaki hewa tupu. Akajaribu tena. Ikapasuka mapema zaidi. Mara ya tatu akashika shingo kwa mikono miwili, na Fredrick mwenyewe akaruka akazima.

“Basi, basi, mke wangu. Basi.” Alimkumbatia, na safari hii wote wawili walilia.

Upasuaji ulikwenda salama. Rovu lilitolewa lote, Bupe akarudi nyumbani na mstari mwembamba shingoni, akala, akameza, akanenepa kweli. Alirudi Kurasini, akarudi na kwaya. Ila kwenye kwaya Mzee Adelard alimhamishia kwa sauti za chini, kwa kuwa sauti aliyorudi nayo ilikuwa nzito, yenye joto, nzuri kwa kuongea na nzuri kwa kubembelezea mtoto, lakini ngazi ya juu ilikuwa imeondolewa. Walingoja wiki, walingoja miezi. Ile nyingine haikurudi.

Fredrick aliikwepa kompyuta muda huo wote. Mwishowe, Jumapili moja baada ya chakula, Bupe mwenyewe akamwomba amsikilizishe rekodi ya Jumamosi ile. Alikaa mkekani, Lusungu mapajani. Wimbo ukaanza. Ngoma ziliingia kwa wakati wake, besi ikatembea, piano ikajibu, tarumbeta likalia bila kukosea hata pumzi. Katikati ya wanamuziki hao wasio na mwili, mwanamke mmoja alikuwa akikokota maneno ya mvua, akipanda, akipasuka, akikatika.

Lusungu akainua uso. “Mama, huyo nani anaimba?”

Fredrick alimtazama mkewe, akingoja alaumiwe, akiomba moyoni alaumiwe. Bupe alimpapasa mtoto kichwani. Alisikiliza mpaka pumzi ya mwisho ya tarumbeta.

“Bendi imepiga vizuri sana,” akasema, akainuka kwenda kutoa vyombo.

Fredrick akabaki pale na kompyuta mapajani, yenye mitindo yake mamia ambayo hakuna hata mmoja uliopungua, akielewa kwa mara ya kwanza somo alilopata alama zote: mchagua nazi hupata koroma.