Kanga Mpya Ndani ya Ndege

Wapendwa, naomba leo mkae na mimi kidogo ndani ya ndege.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mwanawe India kupasuliwa moyo. Mtoto mwenyewe hajatimiza mwaka. Daktari alikuwa amemwonya: "Safarini usimwache alie sana. Ukiona midomo inabadilika rangi, mtulize upesi." Sasa, kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni zaidi ya kilomita elfu nne, kama saa sita angani. Nyinyi mliolea, mtoto wa kukaa saa sita bila kulia mmemwona wapi?

Mbele ya kiti chake kulikuwa na kioo kinachoonyesha ramani na kindege cheupe. Mama akakikodolea macho. Akaona hakisogei.

"Dada," akamuuliza mwanamke aliyekaa kiti cha pili, "hii ndege imesimama?"

"Isimame wapi, mdogo wangu? Chini ni bahari tupu."

Wakacheka, lakini mama akarudisha macho kwenye kindege.

Mara mtoto akaanza kulia. Titi akakataa, chupa akakataa. Midomo ikaanza kuwa ya bluu, na kindege hakijafika hata nusu ya bahari.

"Nipe nimbebe," akasema yule dada.

"Hapana, asante. Hajazoea watu."

"Atanizoea mgongoni. Lete."

Akafungua mkoba, akatoa kanga mpya, hata kukatwa bado, akaikunja, akamfunga mtoto mgongoni. Akatembea naye katikati ya viti, akimwimbia taratibu. Kilio kikakatika. Midomo ikarudia rangi yake. Kila mama aliposinzia na kushtuka, "Bado mbali?", dada alimjibu, "Tumekaribia. Lala."

Walipotua, mama akaona mtoto amecheua maziwa kwenye kanga.

"Jamani dada, tumekuharibia kanga! Nipe nikaifue."

"Iache hivyo hivyo. Nimeileta kumfunika mwanangu. Alikuwa anasoma huku, amefariki juzi. Nimekuja kumchukua."

Mama akamshika mkono. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na mtoto wa kufikisha."

Ndugu zangu, wamekaa bega kwa bega safari nzima. Mama alijua kilomita zilizobaki mpaka Mumbai. Mwenzake anafuata nini huko, hakuuliza. Na sisi je? Tuna wagonjwa, tuna watoto wa kusomesha, hofu zetu ni za kweli na Mungu hazidharau. Lakini huyo aliyekusogezea nafasi kwenye benchi asubuhi hii, aliyekupokelea mtoto ukatafuta kitambaa, unajua amekuja na nini moyoni?

Kabla hatujasimama kuomba, tugeukiane. Muulize wa pembeni yako habari zake. Usiulize huku unaangalia mbele.

Subiri akujibu.