Gololi za Fundi Baiskeli

Acheni kunong'ona huko nyuma, mnisikilize. Palikuwa na fundi baiskeli mmoja, na jina lake halitawasaidia kitu. Siku moja bomu lililipuka mjini, watu wakafa. Askari wakapekua nyumba hadi nyumba, na kwa fundi wakakuta kopo la gololi. Mnazijua gololi, vile vyuma vya mviringo vinavyokaa ndani ya gurudumu. Wakasema ni za kujazia bomu.

Mtaalamu akaapa mahakamani kwamba gololi kama zile zilitolewa katika miili ya wafu. Shahidi mwingine akasema alimwona fundi mjini siku ile, anakimbia. Aliona nini? Mgongo. Hakimu akampa fundi miaka thelathini kwa ugaidi.

Kabla ya hukumu hiyo mkewe alikuwa amezunguka kijiji kizima. Hapakuwa na nyumba isiyo na baiskeli iliyopita mikononi mwa mumewe.

"Shemeji, njoo na baiskeli yako mahakamani. Ifunguliwe, waone kilichomo."

"Siku hiyo napalilia, shemeji."

"Palizi gani, na mvua yenyewe haijanyesha?"

"Ah, shemeji nawe! Nikisema hata mimi ninazo, si wataniunganisha?"

Hakwenda hata mmoja. Ninyi mngekwenda? Msijibu haraka.

Miaka saba ikapita, ndipo rufaa ikasikilizwa. Jaji akamuuliza wakili wa serikali, "Huyu mtaalamu wenu amewahi kufungua gurudumu la baiskeli?"

Wakili akapekua makaratasi. "Haijaandikwa, mheshimiwa."

"Na mgongo wa mtu una jina?"

Majaji wakaitengua hukumu kwa maneno marefu. Mimi nawapa mafupi: ushahidi ule usingetosha kumfunga kuku kamba.

Fundi akarudi. Kijiji kikamiminika kumlaki, na kilikuja kwa baiskeli. Mzee wa kanisa akatangulia. "Bwana asifiwe, fundi! Hatukuacha kukuombea."

Fundi hakumpa mkono. Aliinama, akalizungusha gurudumu la yule mzee. "Hili nililitengeneza mimi."

"Wewe kabisa! Halijanisumbua hata siku moja."

"Basi miaka saba umepanda ushahidi wangu kwenda sokoni."

Akaingia kwake, akafunga mlango.

Naona mnatikisa vichwa kumsikitikia mzee wa kanisa. Msikitikieni tu, ni ndugu yetu, tumefanana naye pua na masikio. Sisi tunapenda kusema hakimu alikosea. Alikosea, ndiyo. Lakini hakimu huenda kwa gari, hajui gurudumu la baiskeli limebeba nini. Sisi tulijua. Tukapiga magoti tukamweleza Mungu kwamba gololi ni za baiskeli. Kwani Mungu alikuwa hajui? Asiyejua alikuwa hakimu, na kwake hatukwenda.

Sasa, mume wa yule mama muuza mkaa yuko rumande wiki ya tatu. Wamekuta kwake magunia mawili ya mbolea, wanasema ni ya kutengenezea bomu. Nani humu ndani amelima mahindi mwaka huu bila mbolea? Anyooshe mkono nimwone.

Kesi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mimi nakwenda na gunia langu. Ni zito. Atakayenisaidia kulibeba aseme sasa, kabla kapu la sadaka halijapita.